Uvumbuzi ukiwa bado maabara: mwongozo kamili wa kuulinda kabla haujatoka nje

Ukimsikiliza mvumbuzi anayelalamika kwamba wazo lake limechukuliwa, mara nyingi utakuta hakuna aliyevunja mlango. Alilitoa mwenyewe: kwenye muhtasari aliotuma kongamanoni, kwenye banda la Nanenane, kwenye grupu la WhatsApp alikowaonyesha wenzake picha, au kwa fundi aliyemchongea kalibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mpangilio wa mambo: nini kifanyike kabla ya nini. Ukikosea mpangilio, wakili mzuri hatakusaidia sana.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Tuseme kuna timu ya Morogoro inayotengeneza kipimo cha haraka cha sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Kuna karatasi iliyopakwa kemikali inayobadilika rangi, kuna kiboksi cha plastiki chenye kamera ndogo ya kusoma rangi hiyo, na kuna programu ya simu inayompa mfanyabiashara wa nafaka jibu palepale gulioni. Sheria nitakazozigusa ni za Tanzania na Kenya, pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo nchi hizi zimejiunga nayo.

Hatua ya 1: Nyamaza kwanza

Hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako kwa muda, hutolewa kwa kitu kipya, na upya huo haupimwi kwa kuangalia Morogoro au Tanzania peke yake. Kikishaandikwa au kuonyeshwa hadharani popote duniani, hata na wewe mwenyewe, si kipya tena. Kuna nchi zinazokupa nafuu kidogo. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasamehe ulichokitoa mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha maombi, na Marekani pia ina mwaka mmoja wa aina hiyo. Ulaya haina msamaha wa namna hiyo. Ukichapisha Jumatatu na kuwasilisha maombi ya Ulaya Jumanne, umechelewa.

Kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri ni cha Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliobuni njia ya kuunganisha vinasaba na kuvizalisha ndani ya bakteria. Walichapisha makala yao Novemba 1973 bila kufikiria hataza. Mtu wa leseni pale Stanford, Niels Reimers, alilijua jambo hilo kupitia gazeti mwezi Mei 1974. Maombi yaliwasilishwa Marekani tarehe 4 Novemba 1974, siku chache tu kabla mwaka haujaisha. Leseni za Marekani ziliingiza zaidi ya dola milioni 250; hataza ziliisha mwaka 1997. Nje ya Marekani hawakupata haki yoyote, kwa sababu makala ilikuwa imeshasomwa dunia nzima. Hapo ni Stanford, chuo chenye ofisi kamili ya kufuatilia mambo haya.

Kutoa hadharani ni pamoja na bango la kongamano, tasnifu iliyowekwa maktaba, video ya TikTok, mauzo ya majaribio kwa wateja ambao hawakuahidi kutunza siri, na maonyesho ya Sabasaba. Kumweleza wakili wako, au mfanyakazi mwenzako mwenye wajibu wa kutunza siri, si kutoa hadharani.

Watafiti hunaswa zaidi na tarehe. Kitabu cha mihtasari ya kongamano hupandishwa mtandaoni wiki kadhaa kabla ya siku ya kongamano lenyewe, na majarida mengi huweka makala kwenye tovuti kabla ya toleo kutoka. Tarehe inayohesabika ni ile ya kwanza ambayo mtu wa nje angeweza kusoma. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi kwenye kipimo chetu aombe chuo kizuie tasnifu yake kwa muda, na walioalikwa kwenye utetezi wasaini ahadi ya siri kabla ya kuingia chumbani.

Na mashindano? MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Tanzania, na mengine yana faida zake: pesa, jina, na watu wa kukushika mkono. Shiriki, ila eleza kifaa kinafanya nini na kinamsaidia nani. Namna kinavyofanya kazi ibaki kwako hadi maombi yawe yamepokelewa. "Karatasi inabadilika rangi ndani ya dakika chache kukiwa na sumukuvu" inatosha kwa jaji. Jina la kemikali na namna inavyogandishwa kwenye karatasi halimhusu. Soma pia masharti ya fomu, kwa sababu baadhi ya waandaaji hujipa haki ya kutangaza kila ulichowasilisha.

Hatua ya 2: Andika daftari linaloweza kusimama mahakamani

Daftari la maabara liwe la kushonwa, lisilochomolewa karatasi, lenye namba za kurasa, na liandikwe kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke, kisha saini pembeni. Kila ukurasa uwe na tarehe na saini ya aliyefanya jaribio, na mara kwa mara shahidi ambaye si mvumbuzi asome na kusaini kwamba amesoma na kuelewa. Andika na yaliyoshindikana. Majaribio yaliyofeli huonyesha njia uliyopita mpaka ukafika, na mshindani angefurahi kuyapata ili asipoteze muda kuyarudia.

Tangu tarehe 16 Machi 2013 hata Marekani inampa haki aliyetangulia kuwasilisha maombi, kwa hiyo daftari halikupi tena ushindi wa "mimi ndiye niliyewaza kwanza". Faida yake imebaki kwenye ugomvi mwingine: nani hasa alichangia nini, na je, mtu fulani alichukua kwenu au alibuni mwenyewe. Kwa programu ya simu, historia ya mabadiliko ya msimbo hufanya kazi hiyo, mradi kila mtu anaingia kwa akaunti yake na si wote kutumia akaunti ya bosi.

Hatua ya 3: Maliza swali la mwenye mali wakati bado mnapendana

Hapa ndipo ningewashauri watu watumie muda wao mwingi, na ndipo wanapotumia mchache zaidi.

Kwa mwajiriwa, sheria za Tanzania na Kenya zinaanzia mahali pamoja: uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Tatizo ni kwamba timu za utafiti zimejaa watu ambao si waajiriwa. Mwanafunzi wa field si mwajiriwa. Rafiki aliyeandika programu usiku kwa ahadi ya "tutaelewana" si mwajiriwa. Mshauri kutoka chuo kingine ana mwajiri wake, na mwajiri huyo ana sera yake ya miliki ubunifu. Mfadhili naye huenda ameandika kipengele ukurasa wa kumi na tano wa mkataba wa ruzuku. Kila mmoja wa hawa anaweza kuibuka siku pesa zinapoonekana, na anaweza kuwa na hoja.

Keti na timu yako, chora jedwali la watu wote walioshika kazi, na mbele ya kila jina andika: alichangia nini, analipwa na nani, amesaini nini. Pasipo na saini, pata saini kabla ya jaribio linalofuata. Zingatia pia kwamba mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lenyewe la suluhisho. Aliyeosha vyombo vya maabara, aliyetafuta fedha, au mkuu wa idara anayetaka jina lake liwepo kwa heshima, si wavumbuzi. Kumwongeza asiyehusika au kumwacha anayehusika kunaweza kuharibu hataza baadaye.

Maneno ya mkataba yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1988 mtafiti mmoja aliyejiunga na Stanford alisaini kwamba anakubali kuja kukikabidhi chuo haki za uvumbuzi wake. Kisha akatumwa kwenye kampuni ya Cetus kujifunza mbinu ya kuzidisha vinasaba, na mlangoni akapewa fomu ya wageni ya kutunza siri. Fomu ile ilisema kwamba atakabidhi, na kwamba kwa hati hiyo anakabidhi. Alirudi Stanford, kazi ikaendelea, na chuo kikapata hataza za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI kwenye damu. Wakati huo kampuni ya Roche ilikuwa imenunua biashara hiyo ya Cetus. Stanford ilipoishtaki Roche, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2009 kwamba ahadi ya Stanford ilikuwa ya kesho, ya Cetus ilikuwa ya leo, na ya leo ndiyo iliyohamisha mali. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ikakataa kuiokoa Stanford.

Kwa hiyo mkataba wako uandikwe "kwa hati hii ninakabidhi", usiandikwe "nitakabidhi". Na mtu wako akienda kutembelea maabara ya wengine, fomu za mlangoni zije kwako kwanza. Mwambie apige picha na kukutumia kabla ya kusaini. Ataona aibu kidogo mapokezi, avumilie.

Ushirikiano na vyuo vya nje una hatari yake ya pekee. Mwaka 2000 kulizuka mgogoro mkubwa Kenya baada ya kubainika kwamba maombi ya hataza ya chanjo ya majaribio ya UKIMWI, iliyotokana na utafiti wa wanawake wa Majengo, Nairobi, yaliwasilishwa Uingereza bila watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi kutajwa. Baadaye pande hizo zilikubaliana kugawana umiliki, lakini ilibidi kelele zipigwe kwanza. Sampuli yoyote inapovuka mpaka, iwe damu, udongo au kuvu kutoka kwenye mahindi ya Kongwa, itangulie na mkataba wa kukabidhi sampuli unaosema inatumika kwa kazi gani, nani anamiliki kitakachopatikana, na mabaki yatafanywa nini. Kwa Tanzania, sampuli za binadamu zinapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na vibali vya utafiti vinatolewa na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia).

Hatua ya 4: Amua kipi kiende kwenye hataza na kipi kibaki siri

Kipimo kimoja cha sumukuvu kina mali za aina tano ndani yake. Kemikali na muundo wa karatasi vinafaa hataza. Umbo la kiboksi linasajiliwa kama muundo wa viwandani. Msimbo wa programu una hakimiliki tangu unapoandikwa. Jina la bidhaa ni alama ya biashara. Halafu kuna joto na muda wa kukaushia karatasi ili rangi isififie, na maelfu ya picha mlizotumia kuifundisha kamera: hizo ni siri za biashara.

Kigezo changu cha kuamua ni swali moja. Mnunuzi akikifungua kifaa, akakipima maabara, ataona? Kama ataona, usitegemee siri, kwa sababu kununua kitu halali na kukichambua si wizi. Wahi hataza. Kama jambo linabaki kiwandani na bidhaa hailisemi, siri inaweza kuishi kuliko hataza, ambayo kikomo chake Kenya ni miaka 20 tangu siku ya maombi.

Usijaribu kula pande zote mbili kwa jambo lilelile. Maombi ya hataza lazima yaeleze uvumbuzi kiasi cha mtaalamu wa fani hiyo kuweza kuutekeleza. Ukificha kiungo kinachofanya kifaa kifanye kazi, hataza yako itakuwa dhaifu siku utakapoitegemea.

Siri nayo ina masharti. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, kifungu cha 39, unataka mambo matatu: taarifa isiwe inajulikana kwa watu wa fani hiyo, iwe na thamani ya kibiashara kwa sababu ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuitunza. Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Ukisema mapishi yenu ni siri huku yamebandikwa ukutani karibu na mashine ya kahawa, huna siri.

Hatua ya 5: Mkataba wa kutunza siri

Uwe mfupi. Kurasa mbili zinatosha: nani anampa nani taarifa, taarifa gani hasa, kwa lengo gani tu, kwa muda gani, itarudishwaje, na mahakama ya wapi itaamua. "Taarifa zote" ni maneno legelege. Andika "muundo wa karatasi ya kipimo, njia ya kuitengeneza, na data za majaribio". Yale mtu aliyokuwa akiyajua kabla, au yaliyo hadharani bila kosa lake, hayamfungi, na ni vizuri mkataba useme hivyo wazi.

Mkikutana kwa mazungumzo, kesho yake tuma barua pepe: "Jana tulikueleza mambo haya matatu kwa siri chini ya mkataba wetu." Barua hiyo inaweza kukusaidia kuliko mkataba wenyewe, kwa sababu ugomvi mwingi huwa kuhusu nini kilisemwa.

Wawekezaji wengi hawasaini. Si lazima iwe dharau. Wanasikiliza watu wengi wenye mawazo yanayofanana na hawataki kujifunga. Basi wape matokeo, soko na gharama, na uache njia ya kutengeneza nje ya mazungumzo.

Hatua ya 6: Milango ya kila siku

Fundi wa plastiki huko Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, anahitaji mchoro wa kiboksi; hahitaji kujua kitakachokaa ndani. Mpe mmoja ganda, mwingine bodi ya umeme, na muunganishe wenyewe. Kwenye karatasi ya oda andika kwamba kalibu ni mali yenu na hairuhusiwi kutolea vipande vya mtu mwingine, kisha kalibu mkaichukue kazi ikiisha. Kalibu iliyoachwa kwa fundi hufanya kazi usiku.

Faili ziwe kwenye akaunti za taasisi, si Gmail binafsi za watu. Kila mtu aone anachohitaji kwa kazi yake tu. Zuia kiungo cha "yeyote mwenye kiungo anaweza kuona". Picha za majaribio zisipite WhatsApp, kwa sababu hujui simu ya nani inahifadhi nakala wapi. Na siku hizi kuna mlango mpya: mtu anabandika maelezo yote ya uvumbuzi kwenye programu ya akili mnemba ili imsaidie kuandika ripoti. Kabla hujaruhusu, soma masharti ya huduma hiyo kuhusu kinachofanyika na maandishi ya mtumiaji. Kama hayaeleweki, jibu ni hapana.

Mtu anapoondoka, futa ruhusa zake siku hiyohiyo, pokea kompyuta, na mkumbushe kwa maandishi mambo yapi bado yanamfunga. Kesi ya Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha, dhidi ya Uber ilianzia hapa: mhandisi aliyeondoka alidaiwa kupakua faili zaidi ya 14,000 kabla ya kwenda kuanzisha kampuni yake, ambayo Uber iliinunua. Mwaka 2018 Uber ilimaliza kesi kwa kuwapa Waymo hisa zilizokadiriwa kufikia dola milioni 245. Waymo walijua faili ngapi, lini, na kwa kompyuta ipi, kwa sababu mfumo wao uliweka kumbukumbu za upakuaji. Wa kwako unaweka?

Hatua ya 7: Tafuta, wasilisha, hesabu miezi

Anza kwa kutafuta kama kuna aliyekutangulia. Hifadhi za hataza za mtandaoni kama Espacenet, Patentscope ya WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani) na Google Patents ni bure. Tafuta kwa kazi ya kifaa na kwa namba za uainishaji, si kwa jina ulilokipa wewe. Ukikwama, vituo vya TISC (vya kusaidia teknolojia na ubunifu) vilivyoanzishwa kwa msaada wa WIPO husaidia, na Kenya imo kwenye mpango wa WIPO wa kuwaunganisha wavumbuzi wasio na uwezo na mawakili wa kujitolea.

Tanzania Bara maombi yanakwenda kwa wakala wa usajili BRELA, Zanzibar ni wakala wa BPRA, Kenya ni taasisi ya mali ya viwanda, KIPI. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa mkupuo, ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lenye makao Harare, inapokea maombi mamoja chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, na unachagua nchi unazozitaka. Kama kifaa chako ni uboreshaji mdogo wa kilichokuwepo, Kenya ina cheti cha modeli ya matumizi: miaka 10, na hakidai hatua kubwa ya kiubunifu. Mafundi wengi wangefaidika nacho kuliko hataza.

Siku ya kwanza ya kuwasilisha ndiyo siku ya kuzungushia duara. Chini ya Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda una miezi 12 ya kuwasilisha nchi nyingine ukabaki na tarehe yako ya kwanza. Kwa miundo na alama za biashara ni miezi 6 tu. Tarehe hiyo inalinda kile tu kilichoandikwa kwenye maombi ya kwanza, kwa hiyo usiwasilishe ukurasa mmoja wa haraka ukidhani utajaza baadaye. Ukitumia njia ya PCT (mkataba wa ushirikiano wa hataza, unaokuwezesha kuanza na maombi mamoja ya kimataifa), uamuzi wa nchi za kuingia unasogea hadi mwezi wa 30 kwa nchi nyingi, na maombi huchapishwa baada ya mwezi wa 18. Ukibadili mawazo na kutaka jambo libaki siri, ondoa maombi kabla hayajachapishwa.

Usisahau ada za kila mwaka. Hataza isiyolipiwa hufa.

Hatua ya 8: Siri ikivuja

Tanzania na Kenya hazina sheria mahsusi ya siri za biashara. Unasimama kwenye mkataba wako na kwenye kanuni za kutunza siri zilizorithiwa kutoka mahakama za Uingereza. Kesi inayonukuliwa sana ni ya mwaka 1968, ya Bwana Coco aliyebuni injini ya pikipiki ndogo na kuionyesha kampuni ya Clark. Jaji Megarry aliweka mambo matatu ya kuthibitisha: taarifa yenyewe ilikuwa ya siri, ilitolewa katika mazingira yanayomfunga mpokeaji, na imetumika bila ruhusa. Coco hakupata zuio aliloliomba, kwa sababu ushahidi wake kwamba taarifa ile ilikuwa ya siri na kwamba ilitumika haukutosha.

Kwa hiyo siku unapohisi kuvuja, usianze kupiga simu za hasira wala kuandika Facebook, kwani hapo unaweza kuisambaza siri zaidi. Hifadhi kumbukumbu za mfumo kabla hazijajifuta. Piga nakala za skrini zenye tarehe. Nunua bidhaa ya mshindani ukiwa na risiti. Tenganisha nakala za mkataba, barua pepe ya "jana tulikueleza", na kurasa za daftari zinazohusika. Kisha wakili aandike barua ya kudai taarifa zirudishwe na matumizi yasimame, yenye tarehe ya mwisho ya kujibu.

Na kama kilichovuja kinafaa hataza na bado hukuwasilisha, hilo litangulie barua ya wakili. Sheria ya Kenya inasamehe pia uvujaji uliotokana na hila za mtu mwingine ndani ya miezi ileile 12. Ulaya nayo ina mwanya mwembamba wa miezi 6 kwa uvujaji wa hila ulio dhahiri. Mwanya huo unahesabiwa hadi siku unayowasilisha maombi ya Ulaya yenyewe, hivyo maombi yaandikwe wiki hiyohiyo, hata kama majaribio ya mwisho hayajaisha.